SOMO: KUPIMA UKUBWA WA JIKO LA KULELEA VIFARANGA

Hakuna chama cha msingi kinachopokea kahawa au mahindi ya mwanachama bila kuyaweka kwenye mizani. Karani akikadiria uzito kwa macho, mwanachama atalalamika, na ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, iko bidhaa moja ambayo chama chenye mizani bora kabisa huweza kuinunua kwa macho tu. Bidhaa hiyo ni joto. Wajumbe hutumwa mjini kununua jiko au taa za kulelea vifaranga, nao dukani huulizwa swali moja: "Mna vifaranga wangapi?" Hujibu, hulipa, hurudi. Swali lililo muhimu zaidi, yaani nyumba ni ya namna gani na usiku wa huko una baridi kiasi gani, halikuulizwa wala halikujibiwa.

Somo hili linaeleza jinsi ya kupima joto linalohitajika kabla fedha za wanachama hazijatoka katika kasha. Hesabu zake ni za kuzidisha na kujumlisha. Karani anayeweza kufunga daftari la mapokezi ataziweza bila taabu.

1. Mfano wa chama kimoja

Uchukuliwe mfano wa chama cha msingi kilichoko katika miinuko kama ya Njombe, mahali ambapo mwezi wa Julai usiku wa digrii 8 si jambo la ajabu. Wanachama 40 walichanga fedha, na Bodi ikaongeza kutoka katika akiba ya chama, ili kununua vifaranga 400 wa siku moja. Makubaliano yalikuwa kwamba vifaranga walelewe kwa pamoja katika ghala dogo la chama kwa muda wa wiki tano, kisha kila mwanachama apewe vifaranga 10 waliokwisha kuota manyoya.

Ghala hilo lilikuwa na urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2 na nusu. Kuta zake zilikuwa za tofali za kuchoma, na paa lake la mabati, bila dari. Kati ya ukuta na bati kulikuwa na upenyo ambao mtu angeweza kupitisha mkono, kwa maana ghala hujengwa ili magunia yapate hewa. Wajumbe walinunua taa nne za joto, kila moja ya wati 250, kwa kufuata kanuni inayosikika mara nyingi kwamba taa moja huwatosha vifaranga 100.

Asubuhi ya kwanza vifaranga 60 walikutwa wamekufa. Walikuwa wamelundikana chini ya taa kwa kutafuta joto, na waliokuwa chini ya lundo walikosa pumzi. Vifaranga 60 ni fungu zima la wanachama sita.

Usiku wa pili, kijana aliyeajiriwa kuwatunza vifaranga aliletewa majiko mawili ya mkaa. Akaagizwa azibe kila ufa na kila dirisha kwa magunia, naye alale humo humo. Alfajiri mama mmoja mwanachama alipompelekea uji, alimkuta ameketi sakafuni ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu, mbona unayumba hivyo? Toka nje kwanza!" alimwambia, akamshika mkono na kumtoa. Kijana akatapika mlangoni, na baada ya muda hewa safi ikamrudishia nguvu. Lau mama yule angalichelewa, chama kingalikuwa na msiba.

Katika kikao cha dharura wajumbe kadhaa walitaka kijana akatwe mshahara kwa ajili ya vifaranga wa usiku wa kwanza, kwa hoja kwamba alilala na kuzembea. Ndipo mjumbe mmoja alipouliza: "Ndugu Mwenyekiti, je, tulimkabidhi kijana huyu joto la kutosha, naye akalipoteza? Au hatukumkabidhi?" Hakuna aliyeweza kujibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepima. Jibu la swali hilo linapatikana katika sehemu zinazofuata.

2. Joto huenda wapi

Nyumba yenye joto usiku wa baridi ni kama debe lenye matundu. Maji hutiwa kwa juu na kuvuja kwa chini. Ili debe libaki limejaa, maji yanayotiwa lazima yalingane na yanayovuja. Kadhalika jiko halina kazi nyingine ila kurudisha joto linalovuja. Kwa hiyo anayetaka kujua ukubwa wa jiko hana budi kwanza kujua ukubwa wa mavujo.

Joto huvuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupenya katika ukuta, paa, milango, madirisha na sakafu. Njia ya pili ni kutoka pamoja na hewa inayopita katika nyufa na matundu. Na kadiri tofauti kati ya joto la ndani na baridi ya nje inavyokuwa kubwa, ndivyo na mavujo yanavyozidi.

Joto hupimwa kwa wati, kama umeme. Wati 1,000 zikitumika kwa saa moja huwa uniti moja, ile ile anayoilipia mwenye mita ya umeme nyumbani. Makadirio yafuatayo yanatosha kwa kazi ya chama. Kila mita moja ya mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje, hupitisha joto kama ifuatavyo:

Ukuta wa tofali za kuchoma, unene wa sentimita 23: wati 2.
Paa la mabati matupu: wati 7.
Dari la mbao lililowekewa maranda makavu juu yake, unene wa sentimita 10: wati 1.
Mlango wa mbao nyembamba, au dirisha la kioo au la turubai: wati 5.
Sakafu ya saruji iliyotandazwa maranda: wati 1.

Ama hewa, kila mita moja ya ujazo inayotoka na kuingia katika muda wa saa moja huondoka na theluthi moja ya wati kwa kila digrii ya tofauti. Nyumba yenye upenyo mkubwa chini ya paa huweza kubadilisha hewa yake yote mara sita kwa saa, na hata zaidi upepo ukivuma. Nyumba iliyozibwa vizuri, ikaachiwa matundu ya hewa yaliyokusudiwa, huweza kukadiriwa kuwa hubadilisha hewa mara mbili kwa saa.

3. Hesabu ya ghala

Sasa karani achukue futi ya kupimia na daftari. Mzunguko wa ghala la mfano ni mita 18. Ukizidishwa kwa kimo cha mita 2 na nusu, kuta ni mita za mraba 45. Mlango na madirisha huchukua mita za mraba 5, kwa hiyo ukuta wenyewe ni 40. Paa, kwa sababu ya mteremko wake, ni mita za mraba 22. Sakafu ni 20. Ujazo wa hewa ni mita 50.

Kwa kila digrii moja ya tofauti, ghala lisilo na dari hupoteza:

Ukuta: 40 mara 2, wati 80.
Mlango na madirisha: 5 mara 5, wati 25.
Paa la mabati: 22 mara 7, wati 154.
Sakafu: 20 mara 1, wati 20.
Hewa: mita 50 mara 6 ni 300, na theluthi yake ni wati 100.
Jumla: wati 379.

Namba hii ya 379 ndiyo mzigo wa nyumba kwa kila digrii. Yafaa iandikwe ukutani kwa chokaa, kwani itatumika kila msimu hadi nyumba itakapobadilishwa.

Taa nne za wati 250 hutoa jumla ya wati 1,000. Wati 1,000 zikigawanywa kwa 379, hupatikana digrii 2 na nusu na kitu kidogo. Maana yake ni kwamba taa zote zikiwaka usiku kucha bila kukosea, nyumba itakuwa na joto lililozidi la nje kwa digrii 2 na nusu tu. Nje ikiwa digrii 8, ndani ni digrii 10 na nusu. Kijana angekesha akiwa amefungua macho yote mawili, vifaranga wangalilundikana vile vile.

Taa hizo hizo, katika nyumba ya namna hiyo hiyo, zikiwaka mahali pa pwani ambapo usiku ni digrii 20, nyumba itapata zaidi ya digrii 22, na vifaranga walio chini ya taa watapona. Idadi ya vifaranga ni ile ile, na taa ni zile zile. Kilichobadilika ni baridi ya nje. Kwa hiyo kanuni ya taa moja kwa vifaranga 100 huweza kuwa kweli mahali pamoja na kuwa hasara mahali pengine.

4. Joto linalotakiwa

Kifaranga wa siku moja hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Katika wiki ya kwanza anahitaji mahali penye digrii 32 hadi 34, na baada ya hapo hupunguziwa kama digrii 3 kila wiki, mpaka katika wiki ya tano atosheke na digrii 20 hadi 22. Kipimajoto kiwekwe karibu na maranda, kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga. Kikitundikwa kwenye usawa wa macho ya mtu mzima kitadanganya, kwa sababu hewa yenye joto hupanda juu.

Si lazima nyumba nzima ifikie digrii 33. Vifaranga wawekewe bruda, yaani mduara wa bati jembamba au mkeka wenye kimo cha kama sentimita 45, na ndani yake kiwepo chanzo cha joto kilichofunikwa kwa mwavuli wa bati unaorudisha joto chini. Chini ya mwavuli patafika digrii 33, na nyumba nyingine ikibaki na digrii 24, kifaranga atachagua mwenyewe mahali pa kukaa. Akisikia joto atasogea mbali, akisikia baridi atarudi. Mduara upanuliwe kila baada ya siku chache kadiri vifaranga wanavyokua.

Ikiwa nyumba itabaki na digrii 24 na nje ni digrii 8, tofauti ni digrii 16. Ghala la mfano, bila dari, litahitaji 379 mara 16, yaani wati 6,064. Hizo ni zaidi ya mara sita ya taa zilizonunuliwa. Lau Bodi ingalitaka kulipasha ghala zima hadi digrii 32, tofauti ingalikuwa 24 na hitaji lingalikuwa wati 9,096.

5. Usipoziba ufa utajenga ukuta

Mjumbe mwenye haraka atasema, "Basi tununue jiko la wati 6,000." Asubiri kidogo. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo yaweza kuhesabiwa kwa wati.

Katika zile wati 379, paa peke yake huchukua 154 na hewa huchukua 100. Yaani theluthi mbili ya mavujo iko juu ya vichwa vya vifaranga na katika nyufa. Ghala likiwekewa dari la mbao zilizobaki kiwandani, na juu yake maranda makavu ya unene wa sentimita 10, mavujo ya juu hushuka kutoka 154 hadi 20. Upenyo wa chini ya paa ukizibwa kwa matofali na udongo, yakaachwa matundu ya hewa yaliyokusudiwa, mavujo ya hewa hushuka kutoka 100 hadi 33. Mzigo mpya ni 80 na 25 na 20 na 20 na 33, jumla wati 178 kwa kila digrii. Umepungua zaidi ya nusu.

Sasa hitaji la usiku wa digrii 8 ni 178 mara 16, yaani wati 2,848. Iongezwe robo yake kwa ajili ya upepo na usiku wenye baridi kupita kawaida, na jibu ni wati 3,560. Huo ndio ukubwa wa jiko la kununua.

Tofauti hiyo ihesabiwe kwa mkaa. Kilo moja ya mkaa mkavu ina joto la kama uniti 8. Ikikadiriwa kwamba sehemu yake hutoka na moshi katika bomba, na uniti 5 hubaki ndani, usiku wa saa 12 utahitaji mkaa ufuatao. Ghala lisilo na dari: wati 6,064 kwa saa 12 ni kama uniti 73, sawa na kilo 14 na nusu. Ghala lenye dari: uniti 34, sawa na kilo 7 pungufu kidogo. Akiba ni zaidi ya kilo 7 na nusu kwa usiku mmoja. Ikiwa baridi ni hiyo hiyo kwa siku 28, ni kilo 210 na zaidi kwa kundi moja la vifaranga. Kila chama kiweke hapo bei ya mkaa wa kwao, kisha kilinganishe na gharama ya dari. Dari hununuliwa mara moja, na mkaa hununuliwa kila kundi linapoingia.

6. Jiko lililozidi ukubwa

Wapo watakaodhani kwamba jiko kubwa kupita kiasi ni usalama zaidi. Si kweli. Nyumba ikizidi joto, vifaranga huhema kwa midomo wazi, hulegeza mabawa, hunywa maji bila kula na hatimaye hudumaa. Mtunzaji naye hulazimika kulibana jiko la mkaa kwa kuziba mlango wake wa hewa. Mkaa unaokosa hewa hauungui vizuri, nao hutoa kwa wingi hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Kwa hiyo jiko kubwa lililobanwa huweza kuwa la hatari kuliko jiko dogo linalowaka vizuri.

Aidha, hitaji la joto hushuka jinsi siku zinavyopita, kwa sababu vifaranga huota manyoya na miili yao yenyewe hutoa joto. Ni afadhali kununua majiko mawili ya wati 1,800 kuliko moja la wati 3,600. Katika wiki za mwisho moja huzimwa. Na moja likiharibika usiku wa manane, lililobaki litawahifadhi vifaranga hadi kukuche.

7. Hewa na uhai wa mtunzaji

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na kulala usingizi asioamka. Hicho ndicho kilichokuwa kikimjia kijana wa mfano wetu. Wala hakikuletwa na uzembe wake, bali na agizo alilopewa. Kuziba nyufa ni jambo jema, ila kuziba kila tundu ilhali mkaa unawaka ndani ni kuhatarisha roho ya mtu.

Bodi iweke masharti haya, nayo yaandikwe mlangoni:

(a) Jiko la mkaa au kuni lisiwashwe ndani bila bomba la moshi linalotoka nje. Bora zaidi ni jiko ambalo mdomo wake uko nje ya ukuta na bomba lake hupita ndani ya nyumba kabla ya kutoka, kwa mtindo ule unaojulikana na wakulima wa tumbaku katika mabani yao ya kukaushia.

(b) Bomba lipite ukutani, lisipite darini, wala lisiguse mbao, magunia au maranda. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji ziwepo mlangoni.

(c) Matundu mawili ya hewa yawepo juu ya ukuta, upande usioelekea upepo, nayo yasizibwe usiku wala mchana. Hata jiko la gesi au la mafuta ya taa hula hewa ya nyumba na kutoa unyevu.

(d) Mtunzaji asilale ndani ya nyumba ya vifaranga. Ajengewe kibanda pembeni, na ratiba yake ionyeshe saa za kuingia kukagua.

(e) Anayeingia ainame hadi usawa wa vifaranga na kuvuta pumzi. Macho na pua zikiwasha, hewa imechafuka kwa mikojo na kinyesi, na matundu hayatoshi.

8. Kusoma maandishi ya dukani, na kulipima jiko lisilo na maandishi

Jiko la umeme huandikwa wati au kilowati. Kilowati moja ni wati 1,000. Majiko mengi ya gesi kutoka nchi za nje huandikwa BTU kwa saa, na kilowati moja ni BTU 3,412. Kwa hiyo hitaji la wati 3,560 ni kama BTU 12,150. Maandishi yanayotaja idadi ya vifaranga peke yake yasikubaliwe mpaka muuzaji aonyeshe wati au BTU.

Kwa nishati yenyewe, kilo moja ya gesi ya mitungi ina joto la uniti 13 hivi, na lita moja ya mafuta ya taa ina uniti 10 hivi. Jiko lisilo na bomba huacha joto lote ndani. Usiku uliotajwa juu, wenye hitaji la uniti 34, utatumia gesi kilo 2 na zaidi ya nusu. Mtungi wa kilo 15 hautafika siku saba, na meneja apange ununuzi kwa kujua hivyo. Penye umeme, uniti ni zile zile 34, lakini chama kiwe na jiko la akiba, kwa kuwa umeme hukatika bila kubisha hodi.

Jiko la fundi wa kijijini halina maandishi, bali laweza kupimwa. Mkaa upimwe kwenye mizani ya chama, jiko lijazwe na kuwashwa, na baada ya saa nne mkaa uliobaki upimwe tena. Jiko lililotumia gramu 700 kwa saa, kwa kadirio la uniti 5 kwa kilo, hutoa kama wati 3,500.

Kipimo hicho hicho huweza kuikagua nyumba yenyewe. Siku mbili kabla ya vifaranga kufika, jiko liwashwe katika nyumba tupu jioni, na saa 11 alfajiri, wakati ambao baridi ni kali zaidi, zisomwe digrii za ndani na za nje. Ikiwa jiko linatoa wati 3,500 na tofauti ni digrii 14, mzigo wa kweli ni 3,500 kugawanya kwa 14, yaani wati 250 kwa digrii, si 178. Hapo fundi arudi darini na kutafuta ufa aliousahau. Ni heri ufa ugunduliwe nyumba ikiwa tupu.

Vifaranga wakishaingia, wao wenyewe ni kipimo. Wakilundikana na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbia mbali na jiko na kuhema, joto limezidi. Wote wakienda upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila na wengine wamelala, joto ni la kutosha. Digrii zilizosomwa saa 4 usiku na saa 11 alfajiri ziandikwe katika daftari, pamoja na idadi ya waliokufa na mkaa uliotumika.

9. Mwisho wa mfano

Bodi ya chama kile ilipofanya hesabu hizi pamoja na afisa mifugo wa kata, ilikubali kwamba joto lililokabidhiwa halikufika hata sehemu ya sita ya lililohitajika. Mshahara wa kijana ulilipwa wote, na Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya wanachama kwa agizo la usiku wa pili. Vifaranga waliokufa waliandikwa kuwa hasara ya chama kizima. Mafungu yakagawanywa upya ili wale wanachama sita wasibaki mikono mitupu, kwa kuwa kosa halikuwa lao. Dari likajengwa kabla ya kundi la pili kuagizwa.

Hivyo ndivyo hesabu inavyolinda haki. Pasipo kipimo, hasara humwangukia aliye mnyonge kuliko wote, naye aghalabu ni yule anayekesha.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha masomo

1. Kwa nini idadi ya vifaranga peke yake haitoshi kuonyesha ukubwa wa jiko?

2. Pimeni ghala au nyumba moja iliyo katika eneo la chama chenu na mtafute mzigo wake kwa kila digrii. Ni sehemu gani inayovujisha zaidi, na kuirekebisha kutagharimu kiasi gani?

3. Nyumba yenye dari ina urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 2 na nusu. Mlango na madirisha ni mita za mraba 5, na hewa hubadilika mara mbili kwa saa. Kuta, dari na sakafu ni za namna iliyoelezwa katika somo. Nje ni digrii 10 na ndani inatakiwa digrii 24. Tafuteni ukubwa wa jiko pamoja na nyongeza ya robo. (Jibu: mzigo ni wati 235 kwa digrii, na jiko ni la wati 4,100 hivi.)

4. Chama chenu kikimwajiri mtunzaji wa vifaranga, ni mambo gani Bodi inapaswa kumkabidhi kwa maandishi kabla ya kumdai hesabu ya vifaranga waliokufa?